Nikilisemesha Gari la Hamisi

Tunduma, Alhamisi, jua likielekea kuzama

Mwanangu Enesi,

Salamu tuziruke. Tuko nyumba moja, ukikohoa nakusikia, na sasa hivi nakusikia unabishana na mama yako kuhusu ndoo ya kwenda nayo. Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku kwa kamba na ya kutokula ovyo kwenye treni, mama yako ameshakuambia yote, na ninavyomjua atayarudia kesho mpaka treni ing'oke. Hapo sina la kuongeza. Nimekaa uani kando ya Landrova, boneti niliyoifungua nimeilaza juu ya mawe, ndiyo meza yangu. Kalamu ni yako. Nimeichukua bila kuomba, maana kukuomba kungenilazimu nikusemeshe, na hilo ndilo lililonishinda tangu ile Jumapili.

Wacha nianze na hiyo Jumapili, tuimalize. Hamisi alikuwa amekaa hapo kwenye tairi bovu, na kahawa yangu mkononi, ananiambia kama kawaida yake kwamba gari la Mwingereza ni la kusukumwa na gari la Mjapani ni la kupandwa. Huyo mtu amekuja hapa kutoka Tanga kabla hujazaliwa, wewe unamwita baba mdogo, lakini undugu wetu ni huo ubishi tu. Mimi nikamwambia ni gasketi, nikivuka mpaka kwenda Nakonde nikaipata, Landrova itaamka. Wewe ukatoka ndani na mikono ina unga. Ukachomoa kijiti cha oili, ukakitazama, ukakifuta kwa kitenge chako. Ukasema, "Baba, hii oili imekuwa chai ya maziwa. Si gasketi. Bloku imepasuka, hata tukipata spea hatuna pa kuzifunga. Gari limekufa."

Hamisi akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nami nikakwambia uingie ndani ukamsaidie mama yako kupika.

Tangu hapo tukawa watu wa "mwambie". Mwambie mwanao kuku hawajafungiwa. Mwambie baba barua ya chuo imefika. Barua yenyewe ukaiacha mezani, nikaisoma ulipokwenda kisimani, nikaona umechaguliwa kwenda Dar kusomea ufundi wa magari, nikairudisha vilevile ilivyokuwa. Sikusema kitu. Mama yako akaniuliza kama nimekataa, nikamjibu sijakataa. Akauliza mbona basi simwambii mtoto, nikatoka nje. Wewe ukadhani baba hataki mtoto wa kike alale chini ya magari. Enesi, haikuwa hivyo hata siku moja. Nilifurahi nikashindwa hata kumaliza ugali. Nilikuwa nimenuna tu, kwa kuwa nilichekwa. Ndiyo hivyo, na umri huu.

Leo mchana ulipokwenda kuwaaga shangazi zako kule Mpemba, nilifungua kichwa cha silinda. Nikafuta, nikatazama juani, nikapitisha ukucha. Ukucha ukanasa. Bloku imepasuka, kama ulivyosema. Basi hilo limekwisha.

Sasa nataka nikupe habari ya siku uliyozaliwa. Najua unaijua. Umeisikia tangu unanyonya, jinsi Landrova ilivyokufa katikati ya mlima wa Msangano, baba akaifufua, na ukazaliwa salama kule Mbozi. Mimi ndiye niliyeieneza mji mzima. Lakini niliyokuwa nasimulia ni habari ya gari. Ya watu waliokuwamo niliiacha, kwa sababu mimi humo siko vizuri sana.

Ulikuwa mtoto wa kwanza, na wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama yake mzazi. Kwa hiyo mama yako alikuwa Msangano kwao, mimi niko Tunduma, dereva wa chama cha ushirika, kijana, nimekabidhiwa Landrova hiihii, wakati huo mali ya chama, na najiona nimeumaliza ulimwengu. Likaja neno kwamba uchungu umeanza, na mkunga amempapasa akaona wewe umelala vibaya tumboni, apelekwe hospitali ya misheni upesi. Katibu akaniruhusu nichukue gari. Nikashuka Msangano mbio.

Mama yako akalazwa nyuma kwenye godoro. Bibi yako akapanda naye. Mwiko wetu unaujua: mimi na mama wa mke wangu hatukutani uso kwa uso, hatusemezani, na jina lake halitoki kinywani mwangu. Hata hapa siliandiki. Basi turubai likashushwa katikati yetu, wao nyuma, mimi mbele peke yangu. Mama yako ndiye aliyekuwa wa kupokea neno huku na kulifikisha kule, na mama yako siku hiyo hakuwa na nafasi ya kufikisha neno la mtu.

Kitu kimoja ukijue kwanza. Mfuniko wa tangi la petroli ulikuwa umedondoka porini siku za nyuma, nami nikaziba kwa gunzi la hindi nililoliviringishia kitambaa. Madereva wote tulifanya hivyo. Gari likiyumba, petroli hurukaruka na harufu hutoka.

Chini ya mlima rejeta ilichemka. Nikasimama, nikachukua debe, nikashuka kijitoni. Niliporudi nikajaza maji, nikaondoka. Sikuona kilichobadilika.

Katikati ya mlima injini ikakohoa, ikakata. Nikapiga stata, inazunguka vizuri, haishiki. Nikafungua boneti. Wewe hayo utafundishwa na walimu, lakini nakueleza nilivyofanya, maana nilifanya sawasawa. Nikachomoa waya wa plagi, nikausogeza karibu na chuma, cheche ikaruka ya buluu, nzuri kabisa. Kwa hiyo si moto, ni petroli. Nikafungua kabureta, bakuli kavu. Nikafungua bomba kwenye pampu, nikalipuliza kwa mdomo kuelekea kwenye tangi, nikafunga. Stata. Ikawaka. Nikajisifu moyoni. Tukapanda kidogo, ikakata tena vilevile.

Nikasema moyoni, uchafu kwenye tangi. Au kiwambo cha pampu, kile kinachovuta petroli, kimechoka. Petroli yenyewe nilijua ipo, niliijaza kwa mkono wangu.

Wakati huo nyuma kulikuwa joto kali. Bibi yako akashuka, akakaa chini kando ya gurudumu la kulia, penye kivuli, mkono wake mmoja ameuingiza ndani ya turubai amemshika mama yako. Mlango wangu uko kulia. Mdomo wa tangi uko kulia. Basi mimi nikawa nashukia mlango wa abiria, nazungukia mbele, naishia kwenye boneti. Ule upande wa kulia ulikuwa umeniishia. Nisingeweza kwenda huko hata ungeniambia kuna simba huku kushoto.

Hapo ndipo Hamisi akatokea nyuma yetu na gari lake la Kijapani, hilohilo analopaka rangi kila mwaka, wakati huo jipya, na watu wa Tunduma walikuwa wanatoka madukani kulitazama. Limejaa magunia ya mpunga na ufuta mpaka juu. Akashuka, akaniamkia, akachungulia nyuma, akamwona mama yako. Akalitikisa gari langu, tukasikia petroli inacheza ndani. Akasema petroli ipo. Kisha akaniambia, "Bwana, tushushe magunia tuyaache hapa, mama apande langu."

Enesi, nisome vizuri hapa. Nilimjibu, "Ngoja kidogo."

Alirudia. Akaanza hata kufungua kamba za magunia. Nikamshika mkono, nikamwambia ni kiwambo cha pampu tu, nitakigeuza, nina kipande cha ngozi kwenye sanduku la vifaa. Yeye akasema pampu za Mwingereza anazijua. Nami nikamwuliza Mjapani alianza lini kutengeneza gari, Mwingereza ameshapanda milima ya dunia nzima. Akasema Mwingereza alipanda akisukumwa na sisi. Basi tukashikana. Springi za nani hazikatiki, bodi ya nani haili kutu, gari la nani unaweza kulifunga kwa waya likakufikisha. Mimi mikono yangu iko kwenye pampu na mdomo wangu uko kwa Hamisi, na huko nyuma mama yako analia. Nilikuwa namsikia. Usidhani sikumsikia. Nilikuwa najiambia kwamba akishushwa na kupandishwa gari la Hamisi, kesho mji mzima utasema Landrova ya ushirika ilimwacha mke wa dereva njiani. Hayo ndiyo niliyokuwa nayafikiri, mke wangu na wewe mkiwa katika hali ile.

Kisha mama yako akanyamaza. Kulia kwake kulikuwa kunanisumbua, lakini kule kunyamaza kulinifanya niiache pampu.

Ndipo bibi yako akasema. Hakuniambia mimi, hakumwambia Hamisi, ambaye hata hivyo Kinamwanga, lugha yetu, hakijui. Aliligeukia gurudumu la gari, akaweka kiganja juu yake, akasema kwa sauti ya kawaida tu, sauti ya mtu anayeagiza chumvi:

"Wewe gari, mwambie anayekuendesha kwamba mdomo wako nimeuziba mimi, kwa unga, pale alipokwenda kuteka maji. Harufu yako ilikuwa inamtapisha mwanangu. Kama unakufa kwa ajili hiyo, uzibuliwe. Kama si hiyo, mwanangu ashushwe apande lile jingine. Nimechoka kuwasikia hawa."

Alikuwa amekanda unga wa ulezi aliouchukua kwa ajili ya uji, akazungushia lile gunzi na kitambaa chake, akashindilia, vile wanavyoziba chungu ili mvuke usitoke. Kazi ya mtu anayejua kuziba. Wewe fundi umeshaelewa. Petroli inatoka, hewa haiingii, tangi linavuta kwa ndani mpaka pampu inashindwa. Nikipuliza bomba naingiza pumzi kidogo, gari linakwenda kidogo, linakufa tena. Hakuna kiwambo, hakuna uchafu, hakuna Mwingereza wala Mjapani. Na asingeweza kuniambia, maana haniambii kitu. Nami nisingeweza kumwuliza, wala kwenda upande ule nikajionea.

Nikaenda upande ule. Nilizunguka gari kwa miguu yangu, nikapita mbele yake. Hakupata nafasi ya kuondoka, akavuta kitenge akajifunika kichwa na kugeukia mlimani. Nikavunja ule unga, ulikuwa umeshakauka pembeni, nikang'oa gunzi. Tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, nadhani hata mama yako aliisikia.

Na hapa ndipo hadithi yangu ilipokuwa inaishia siku zote. Baba akazibua, gari likawaka, safari. Halikuwaka. Betri nilikuwa nimeimaliza kwa kupiga stata nikibishana. Hendeli ya kuwashia niliizungusha mpaka viganja vikachubuka. Aliyefunga mnyororo ni Hamisi. Lile gari la Kijapani, na magunia yake yote, ndilo lililoivuta Landrova kuupanda mlima mpaka ikashika. Ndivyo ulivyofika. Hamisi miaka yote hii ananisikia nikiisimulia mbele za watu bila mnyororo, anatazama pembeni, anakunywa kahawa. Hajawahi kunikatiza. Fikiria mtu kama Hamisi, ambaye hawezi kupitwa na neno, ananyamazia hilo kwa sababu anajua linaniuma.

Hospitalini sikuizima injini, niliogopa. Nikaiacha inanguruma chini ya dirisha la wodi ya wazazi mpaka nesi akatoka kunigombeza kwa ajili ya moshi. Alipomaliza kunigombeza akaniambia nimepata mtoto wa kike, na mama yake mzima. Nikalia pale pale, nimeshika usukani.

Wazee wa upande wa bibi yako wakanitoza kuku kwa kumkaribia mkwe. Nikampeleka, nikaona yameisha. Asante yenyewe sikuipeleka. Ningeipelekaje? Mwiko ulinifaa sana hapo. Mtu aliyeokoa nyumba yangu, na mimi nina ruhusa ya mila kutomwambia kitu.

Nimeyaandika yote haya kwa sababu unakwenda kusomea kazi hii, na watakufundisha kuanza na betri, kisha plagi, kisha petroli. Ni sawa, fanya hivyo. Lakini kabla hujafungua boneti, waulize wote waliokuwamo garini, hata aliyekaa nyuma kabisa na mbuzi, amegusa nini na amesikia nini. Na ukijisikia unasema "ngoja kidogo" huku mtu anaumia, jitazame, huenda unalinda sifa yako tu. Ubishi wa gari gani ni bora usiuache, ni raha yake, nami nitakuwa naungoja kwenye barua zako. Ila ubishane gari likiwa linatembea.

Na jambo jingine, ambalo ndilo lililonifanya nikae hapa na kalamu. Mimi na bibi yako tulikuwa na mwiko. Mimi na wewe hatuna. Hakuna mila hata moja ya Wanamwanga wala ya mtu yeyote inayosema baba asiseme na binti yake wiki baada ya wiki. Mwiko huo nimeutunga mwenyewe. Nimekuzibia mdomo wa tangi, halafu nikakaa nikishangaa nyumba inavyokohoa.

Jana bibi yako alipofika kutoka Msangano kuja kukuaga, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma kama kawaida. Nikasubiri wewe na mama yako mwende dukani kupanga foleni ya sukari. Nikaja hapa uani, ukuta wa jikoni katikati yetu, nikaweka mkono juu ya hii Landrova, nikasema kwa Kinamwanga na kwa sauti, "Wewe gari, mwambie aliyeko jikoni kwamba siku ile ya mlimani alinipa mke na mtoto. Mwambie nashukuru. Mwambie nilichelewa kwa upumbavu."

Nikasikia mwiko unakoroga chunguni. Kisha sauti yake, imezeeka lakini ni ileile:

"Wewe chungu, mwambie aliyeko nje kwamba amechelewa kweli. Lakini nimesikia. Na mwambie kwamba mtoto naye ana masikio."

Ndiyo maana unaisoma barua hii.

Kesho Hamisi atakuja alfajiri kutupeleka stesheni, kisha awahi kurudi ajiandae kwa swala ya Ijumaa. Nimemwomba mimi mwenyewe, leo, mbele ya watu dukani kwake, na habari ya mnyororo nimewasimulia wote waliokuwapo. Hakucheka. Aliniuliza tu kama mizigo yako ni mingi. Kwa hiyo kesho utamwona baba yako, aliyeapa kwamba hatakanyaga gari la Mjapani mpaka afe, anakaa kiti cha mbele na kufunga mlango. Usinitanie sana. Kidogo ruksa.

Najijua. Tukifika stesheni nitajifanya nina kazi. Nitashughulika na sanduku lako, nitamwuliza Hamisi habari za tairi, nitatazama reli. Huenda treni ikaja sijasema kitu, na wewe utapanda ukidhani ni ile Jumapili bado inaendelea. Basi ukiniona nimeweka mkono kwenye boneti ya Hamisi na kuanza kuliambia gari maneno, usidhani nimechanganyikiwa, wala usigeuke kuona ni nani anayesemeshwa. Simama karibu usikie. Maneno yote yatakuwa yako.

Ni mimi baba yako,
ambaye kalamu yako ataiweka ilipokuwa.